Imepasuka!

Maabara nzima walimwita Kiherehere, na wala hawakumwonea. Binti alikuwa na akili kali, ila mdomo ulitangulia, maelezo yakafuata kesho yake.

Asubuhi hiyo alikuwa peke yake na mashine, na fuwele moja tu, kijiwe king'avu, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo Profesa alihangaika miezi kuiotesha. Ndani yake atomi zilisogea upande mmoja, na Profesa alishikilia kwamba kwa sababu hiyo elektroni zinazozunguka kulia zingeachana na zinazozunguka kushoto: mstari mmoja kwenye skrini ungekuwa miwili, na volti ikigeuzwa, miwili hiyo ingebadilishana nafasi. Wenzake walimcheka miaka nenda miaka rudi. Leo ikishindikana, mashine inakwenda kwa kundi la jirani, na wale hawana desturi ya kurudisha kitu.

Kiherehere akaongeza volti. Mstari ukanenepa. Akaongeza tena. Loo! Ukaachana katikati, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu. Akarukia simu.

"Profesa, imepasuka!"

Kisha simu ikakatika.

Alicheka, akidhani mzee amezidiwa na furaha. Alipopiga tena, simu ilikuwa inatumika. Hapo ndipo neno lake mwenyewe lilipomrudia. Imepasuka nini? Mungu wangu, mzee ameelewa kwamba ni fuwele!

Hata hajajua la kufanya, kundi la jirani hao mlangoni na sampuli yao, nyuso za matanga, macho ya harusi. Nyuma yao Profesa, tai begani, akihema.

"Pole, mwanangu," alisema. "Ajali haina kinga. Tutaotesha nyingine."

"Siyo fuwele, Profesa! Mstari! Mstari ndio umepasuka!"

Akamvuta hadi kwenye skrini. Mzee akatazama weee.

"Geuza volti," alinong'ona.

Kiherehere akageuza. Nyekundu na buluu zikabadilishana nafasi, vilevile kama mzee alivyosema miaka yote ile. Profesa akavua miwani, akalia bila aibu. Kiherehere naye akalia, kwa furaha na kwa hofu ya alivyokaribia kumuua mzee wa watu.

Mkuu wa kundi la jirani akakohoa. "Lakini Profesa, si umetuambia sasa hivi mashine ni yetu?"

"Hayo yalikuwa maneno ya mfiwa," Profesa akajibu. Akavuta kiti, akaketi katikati ya mlango.