Rafu ya Mimi ni Nani

Wanafunzi walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari, na jina hilo alilipata kwa sababu hakumpa mwanafunzi riwaya kabla ya kumhoji kama mgonjwa. Unalala vizuri? Nani kakuudhi? Ukijitazama kwenye kioo unamwona nani? Akishasikiliza, alipitisha vidole kwenye migongo ya vitabu, akachomoa kimoja, akagonga muhuri wa tarehe. "Kurasa ishirini kabla ya kulala," alisema. "Usiruke. Ikikuzidi, njoo."

Na dozi zake zilifanya kazi, hilo tusimnyime. Msichana mwenye kigugumizi alipewa riwaya ya mtangazaji aliyekuwa na kigugumizi, na muhula haukuisha kabla hajaanza kunyoosha mkono darasani. Mvulana aliyekuwa hapatani na baba yake wa kambo alipewa ile ya kijana aliyelelewa kwenye duka la mikate, akairudisha kurasa zimevimba kwa machozi. Mwenyewe alisema ni chai.

Riwaya hizo za vijana, za kujitambua na kutokata tamaa, zilikaa kwenye rafu iliyokuwa karibu na dirisha. Juu yake palibandikwa kipande cha kadibodi chenye maandishi ya kalamu nene: MIMI NI NANI? Aliyekiandika alikuwa binti wa Daktari mwenyewe, enzi hizo yuko shule ya msingi, kalala kifudifudi sebuleni, ncha ya ulimi nje. Sasa binti alikuwa kidato cha tatu shuleni hapohapo, na lile swali lilikuwa limemfuata mpaka nyumbani.

Lilikuja na mgeni. Jumapili moja mwanamke mnene, mpole, alipiga hodi, na binti ndiye aliyemfungulia. Mgeni alimtazama, akashika kifua, akasema, "Jamani, umefanana na marehemu mama yako, utadhani ni yeye." Na huyo mama, yaani Daktari, ambaye kwa habari zote alizokuwa nazo binti hakuwa marehemu, alikuwa jikoni anamenya viazi.

Mgeni alikuwa dada wa baba, yaani shangazi, aliyewatafuta kwa miaka bila kujua kwamba nyumba hiyo ilikuwa na siri. Daktari hakuwa amemzaa binti. Aliyemzaa ni dada yake mkubwa, aliyefariki mtoto bado ananyonya. Baba alikuwa ameshakwenda zake zamani. Daktari, msichana mbichi wakati huo, alimchukua mtoto akahamia mji mwingine, majirani wakamwita mama, naye hakuwasahihisha. Alisubiri mtoto akue ndipo amwambie. Alipokua, akasubiri apate akili. Alipopata akili, Daktari akaogopa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwake yeye ukuta ulianguka na kumfunika.

Binti hakulia wala hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angefanya hivyo. Alibadilisha neno moja tu. Usiku ule mezani alisema, "Mama mdogo, naomba chumvi."

Mdogo wake mama ni mama mdogo. Hakuna kosa hapo. Ni neno la heshima, mtoto hawezi kugombezwa kwa kulitumia. Asubuhi ilikuwa "Shikamoo, mama mdogo," na jioni "Nimefunga mlango, mama mdogo." Kila likitamkwa, Daktari aliitikia, kisha akaenda bafuni, akafungulia bomba ili asisikike. Alikuwa analia kama mtu aliyefiwa, na aliyemfia alikuwa chumba cha pili anafanya hesabu.

Kisha binti alitoa taarifa. Muhula ukifungwa, shangazi angekuja Jumamosi kumchukua, akakae kwake.

"Kwa likizo?" Daktari aliuliza.

"Nitaona, mama mdogo."

Alijaribu kuongea naye. Kila akianza na "mwanangu, mimi nilitaka tu," binti alijibu, "Nimesikia," na kweli alikuwa amesikia, na hapo ndipo maneno yalipoishia. Basi Daktari akaikimbilia kazi yake. Aliacha riwaya kitandani kwa binti, akaikuta juu ya friji. Akaiweka kwenye mkoba wake wa shule, akaikuta juu ya friji. Mganga hajigangi. Watoto wa watu aliwapa vitabu wakapona, na wa kwake hakutaka hata kufunua jalada.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alimshika Redio. Redio alikuwa rafiki wa binti, wanakaa dawati moja, na jina lake linajieleza: alichokisikia kabla ya kengele ya kwanza, mpishi wa shule alikijua kabla ya uji. Mtu mwenye akili zake hampi Redio siri. Daktari hakuwa na akili zake siku hizo, alikuwa hajalala.

"Mpe hiki," alimnong'oneza nyuma ya rafu. "Mwambie umekipenda wewe mwenyewe."

"Lakini sijakisoma, Daktari."

"Sema kimekuliza."

"Kimeniliza wapi?"

"Mwishoni."

Redio alifikiri. "Nimelia sana au kidogo?"

"Kidogo tu," alisema Daktari, na yeye mwenyewe macho yalikuwa yameshajaa.

Vikaenda vitatu, kimoja baada ya kingine, na binti akavisoma. Daktari alimwona mapumzikoni, amekaa kwenye ngazi, ameinamisha kichwa, anafunua kurasa upesi. Siku hiyo aligonga muhuri kichwa chini miguu juu kwenye vitabu vya darasa zima. Aliporudi nyumbani alipiga pasi nguo zote za binti, hata soksi. Alihesabu kurasa zilizobaki kwa macho, kutoka mbali, akajiambia: akifika mwisho, ataelewa. Hakuwa na kitu kingine cha kushikilia.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Binti alitoka chumbani na vile vitabu vitatu, akavipanga mezani mbele ya Daktari, migongo ikimwelekea yeye, kama wanafunzi wanavyofanya kaunta.

"Narudisha."

Daktari akajifanya hamnazo. "Umevitoa wapi?"

"Redio aliniambia tangu siku ya kwanza. Aliniambia kabla hata hajanipa kitabu."

"Na bado ukavisoma?"

"Kuna kitu nilikuwa nakitafuta." Binti aligusa cha kwanza. "Humu mtoto anarudi kwa mama aliyemlea, wanakumbatiana." Akagusa cha pili. "Humu mtoto anapotea kidogo, kisha anarudi kwa mama aliyemlea, wanakumbatiana mvua inanyesha." Cha tatu hakukigusa. "Hiki sikuhitaji kufika mwisho. Vyote, anayepona ni mama. Hii dozi ni yako, mama mdogo. Umejiandikia mwenyewe, ukanipa mimi ninywe."

Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa amezipitia riwaya zote za rafu ile kutafuta yenye msamaha, na kila isiyo na msamaha aliirudisha mahali pake.

"Wenzangu huwa unawauliza kwanza wanaumwa wapi," binti alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Mimi hukuniuliza."

"Unaumwa wapi?"

Binti akageukia ukutani. Palikuwa na picha ya mwanamke kijana aliyefumba jicho moja kwa ajili ya jua. Kila wiki yeye ndiye aliyeifuta vumbi, na tangu utotoni aliambiwa huyo ni mama yake mkubwa, alishafariki, alikuwa mtu mzuri. Marehemu wote ni watu wazuri. Ndivyo tunavyowasema tusipotaka kuwasema.

"Sijui hata alikuwa anachekaje," binti alisema. "Shangazi alimwona siku ya kuposa na siku ya kuzika. Vitabuni hayumo. Ulibaki wewe peke yako, na wewe unaniletea riwaya."

Nje gari lilisimama, mlango wake ukafungwa. Binti aliangalia begi.

Daktari alifungua kinywa. "Dada yangu," alisema, akanyamaza. Ndivyo alivyomwita miaka yote, dada yangu, au mama yako mkubwa. Yale maneno mawili mengine hakuwahi kuyatamka hata akiwa peke yake, kwa sababu alijua siku akimpa marehemu jina hilo, yeye atabaki mikono mitupu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na hatua za mtu zilikuwa zinakuja uani.

"Mama yako," alisema.

Binti aligeuka, akamtazama.

"Mama yako alikuwa hapendi kusoma hata kidogo. Vitabu vyangu alikuwa anaulia mende. Muongo, Mungu wangu, angekuuzia nyumba isiyo yake. Akicheka alikuwa anakoroma kama wewe."

"Sikoromi."

"Unakoroma." Sasa Daktari hakuweza kujizuia. "Alipokuwa na mimba yako nilimwambia amejiharibia maisha. Nilikuwa msomi, nilijua kila kitu. Akanizaba kofi. Akaniambia, huyu ni wangu, na wewe nenda ukatafute wako." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikutafuta. Nilimchukua wa kwake."

Hodi ikapigwa. Hakuna aliyejibu, ikapigwa tena. Binti alivuka chumba, akaliruka begi, akafungua mlango kidogo. Shangazi alikuwa amesimama kizingitini na kanga begani, anatabasamu, anauliza kama wako tayari.

"Karibu ndani, shangazi, ukae," binti alisema. "Mama mdogo hajamaliza."

Neno lilimchoma Daktari palepale lilipokuwa likimchoma siku zote. Akamvutia mgeni kiti, akaendelea.