Siku Saa za Kituo Zilipodanganyika

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, redio ilitakiwa kusoma bei za mazao. Badala yake ikasikika sauti ya mwanamke anacheka, kisha akasema, "Haya jamani, kazi baadaye, kwanza tusalimiane."

Fundi mitambo wa kituo, binti aliyezoeleka kwa jina la Waya, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati la kompyuta. Sauti haikumshtua, kwa sababu hakuijua. Kilichomshtua ni watu. Mtangazaji wa zamu alikuwa kaduwaa mbele ya kioo. Mhasibu, mama mtu mzima aliyekuwepo kituoni tangu ujana wake, alisimama mlangoni, kikombe kimeinama, chai inamchuruzikia kiatuni na yeye hana habari.

Waya akatazama kompyuta ya matangazo. Saa ilikuwa sawa, dakika sawa, hata siku ilikuwa Jumanne. Tarehe ndiyo iliyorudi nyuma karibu miaka ishirini.

Akaelewa. Kompyuta za pale hazikujipangia saa zenyewe. Zote ziliuliza saa kuu moja kupitia mtandao, na hiyo saa kuu ilichukua majira yake kwenye setilaiti, kwa antena ya juu ya paa. Kilikuwa kifaa kizee. Kilikuwa kikihesabu wiki, hesabu ikafika ukomo wake, kikaanza upya kama vile miaka hiyo ishirini haikupita. Kikazitajia kompyuta tarehe ya uongo nazo zikaamini, maana hazikuwa na mwingine wa kumuuliza. Mtambo wa vipindi ukafungua kipindi cha tarehe hiyo, katika mafaili ya zamani ambayo kila mtu aliamini yalipotea kituo kilipohama jengo.

Waya alinyoosha mkono akate matangazo. Mhasibu akamshika kiwiko.

"Usikate," alisema taratibu. "Huyo ni mama yako."

Mama yake, aliyekuwa mtangazaji pale, alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Picha zake alikuwa nazo. Sauti yake hakuikumbuka. Akakaa sakafuni katikati ya nyaya. Kwenye spika, mama alikosea jina la msikilizaji, akajicheka kwa kuvuta pumzi ndani, kicheko kile kile ambacho Waya alitaniwa nacho tangu shule ya msingi. Akasema leo ana haraka, kamwacha mtoto anaota meno, na baba mtu hata nepi hajui kuifunga. Waya akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Simu ikaita. Mkurugenzi, aliyekuwa safarini, aliagiza warudi hewani kawaida mara moja. Mtangazaji akamwitikia vizuri tu, akaweka simu chini, asifanye lolote.

Ndipo akaingia baba yake Waya. Alikuwa kinyozi, duka lake mtaa wa pili, na redio humo haizimwi. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine mtupu. Nyuma yake alikuja mteja na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Yuko wapi?" baba aliuliza.

Alitazama kiti kitupu nyuma ya kioo. Alimzika mkewe kwa mikono yake, na alilijua hilo, ila miguu haikumsubiri afikiri.

"Baba, ni saa imeharibika," Waya akasema.

Alimwangalia kama haelewi anaongea nini, kisha akakaa sakafuni kando yake. Wakasikiliza mpaka mwisho. Mama akaaga, akasema kesho akijaliwa, na baba akaitika kwa sauti ndogo.

Mchana Waya alirekebisha ile saa kuu, akaziunganisha kompyuta na saa nyingine kadhaa za mtandaoni, ili moja ikipotoka, zilizobaki ziikatae. Mteja alimaliziwa kunyolewa kwenye ngazi za kituo, wala hakulalamika.

Vipindi vingine vya mama vilikuwepo. Waya alivinakili vyote, akampelekea baba nyumbani, akamwonyesha pa kubonyeza. Baba hakukigusa hata kimoja.

"Sikiliza wewe, mwanangu," alisema. "Mimi siku ile alinijia mwenyewe, sikumwita. Huku kumbonyeza sikuwezi."

Waya alisikiliza peke yake chumbani, mlango wazi. Baba alibaki sebuleni na redio yake. Lakini aliipunguza sauti.