Tumeshashukuru

Operesheni ilifanikiwa. Kila mtu alisema hivyo. Daktari alisema, picha zilisema, na Sifaeli mumewe naye akasema, tena kwa sauti, mpaka majirani wote kule juu Meru wakasikia. Aliyekataa ni mgongo wa Hanna peke yake, na mgongo nani anausikiliza?

Daktari wa kliniki ya Sekei, kule chini mjini, hakumficha. Pingili zimekaa vizuri, alisema, lakini mishipa ya fahamu ilibanwa muda mrefu ikaumia, na sasa mwili mzima umezoea kuuma. Akautaja na ugonjwa wenyewe, fibromayaljia. Hauonekani kwenye picha, na kama utaisha hawezi kuahidi. Meza vidonge, tembea kidogo kidogo, oga maji ya moto, usibebe mizigo. Hanna alilirudia lile jina njia nzima ya kupanda mlima ili lisimtoke, na alipofika tu akamwambia mumewe.

"Fibro nini?" Sifaeli akauliza. "Mama Brenda, picha si tumeziona wote? Safi kabisa! Huo mwingine ni uoga tu, utaisha."

Si mtu mbaya, tusimwonee bure. Ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani wiki zile za mwanzo, mwanaume mzima na beseni mkononi. Lakini asubuhi alimwona mkewe anachuma kahawa na kucheka na jirani, jioni anamkuta analia kwa sababu shuka limemgusa paja. Sasa hapo aelewe nini? Moto ulianzia kiunoni ukashuka mpaka kidole cha mguu, halafu bila sababu yoyote ukahamia mabegani. Hata Hanna mwenyewe, siku ukitulia, alijiuliza kama hasingizii.

Kisha Jumapili moja, kwenye matangazo, Mchungaji Nathanael akasoma kwamba wiki ijayo familia ya Sifaeli itamtolea Mungu shukrani kwa uponyaji wa mama. Hanna aligeuka akamtazama mumewe. Sifaeli alikuwa anatabasamu, maana alitaka iwe mshangao. Mshangao gani huo, jamani!

Maana pale usharikani kila mtu anajua shukrani ni nini. Kabla haijatolewa wewe ni mgonjwa, watu wanakuletea uji, na mama mkwe anakukatia majani ya ng'ombe bila kinyongo. Ikishatolewa umepona, habari imeisha. Hanna alijua kwamba kama Sifaeli hatamwamini kabla ya Jumapili ile, hakuna mwingine atakayemwamini baadaye.

"Baba Brenda, tusogeze mbele," alimwomba. "Sijapona."

"Ukishukuru utapona. Hiyo ndiyo imani."

"Na usiku ukiniona nimejikunja pale kitandani, unaona nini?"

Sifaeli alichukua kofia yake akatoka kwenda kuangalia migomba.

Jumapili ikafika. Ukoo ukajaa kanisani, mama mkwe na kitenge kipya, mikungu ya ndizi ikapelekwa mbele, na jogoo mmoja mkorofi akawika katikati ya sala mpaka watoto wakacheka. Hanna alikuwa ameshaamua. Atasema ukweli mbele ya madhabahu, liwalo na liwe. Sentensi nzima ilikuwa tayari mdomoni.

Lakini kipaza sauti alianza kupewa Sifaeli. Akasema, "Bwana asifiwe," kisha akaanza kulia. Sifaeli huyu, ambaye hata baba yake alimzika macho makavu.

"Nilidhani nitamzika," alisema. "Mungu amenirudishia mke wangu."

Akampa Hanna kipaza sauti. Hanna akamtazama anavyofuta macho kwa kiganja, akamtazama mama mkwe, akaitazama kwaya nzima ya akina mama waliomfulia nguo. Alimhurumia mumewe kuliko alivyojihurumia.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen!"

"Nimepona."

Wee! Vigelegele vilivyopigwa! Watu wakapanga foleni kuja kumpongeza, na kila aliyemkumbatia alimpigapiga mgongo palepale, kwa upendo kabisa. Kila mkono ulimchoma. Machozi yakamtoka, nao wakasema analia kwa furaha. Nje ndizi za sadaka zilinadiwa kwa kelele na utani, na Hanna alisimama kwenye kivuli akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma nayo.

Alasiri, wageni wakiwa wameondoka, mama mkwe aliingia na mundu na kamba ya kufungia majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekurudishia vitu vyako. Magoti yangu yamechoka, nilikuwa naisubiri tu siku ya leo." Akaviweka mlangoni, akambariki, akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote moyoni.

Hanna alibaki ameshika meza. Sifaeli alikuwa kwenye kiti, bado na suti yake.

"Baba Brenda," alisema, "nilidanganya kanisani. Naungua hapa nilipo. Mgongo, miguu, mpaka ngozi. Niamini mimi, achana na zile picha."

Safari hii Sifaeli hakutazama pembeni. Alimtazama mkewe, vidole vilivyong'ang'ania ukingo wa meza, jasho lilivyomjaa usoni, na uso wake mwenyewe ukabadilika.

"Najua," alisema kwa sauti ndogo. "Najua unaumwa. Nilijua tangu siku ile uliponiuliza usiku naona nini."

Hanna akashusha pumzi.

"Lakini tumeshashukuru, Mama Brenda. Kanisa zima limesikia. Tutarudi kuwaambia nini?"

Sasa wote wawili walijua, na moto ulikuwa uleule.

Bandani ng'ombe akalia njaa. Hanna akasogea mlangoni, akainama taratibu, akaokota mundu.