Do Imehama

Fortunata alikuwa ameziwekea sauti zake tano madoa ya rangi ya kucha kwenye shingo ya gitaa: do, re, mi, so, la. Fa na ti alikatazwa na Wilbert, mpiga gitaa la solo wa kwaya. "Hizo mbili ziache kwanza. Hizi tano changanya utakavyo, hukosei."

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Kama hakuna kukosea, mtu atajuaje kwamba amepatia? Wiki tatu, kila akishafunga duka la vitenge pale Mchafukoge, aliyapanda na kuyashuka yale madoa mekundu kama mtu anayefagia ngazi.

"Mbona unahesabu?" Wilbert humwambia. "Ongea."

Aongee nini? Hata wateja huwajibu kwa kichwa.

Sasa Wilbert alikuwa anahamia Moshi, na jioni hii Mama Josepha, mwalimu wa kwaya, alitaka kumsikia Fortunata kama ataweza kushika nafasi yake. Akishindwa, nafasi ya solo itachukuliwa na kinanda, gitaa lirudi stoo.

Mama Josepha akaanzisha wimbo. Wiki zote hizo alianzia chini kwa sababu ya mafua. Leo kifua kimefunguka, akaanzia juu zaidi. Ubeti ukaisha. Fortunata akabonyeza doa la do. Sauti ikatoka kama imeingia nyumba ya jirani bila hodi. Akarudia, akidhani kidole kimeteleza. Vilevile.

Evelyn wa sauti ya kwanza akacheka puani. "Dada, huo wimbo wa kwaya gani?"

"Do imehama," Wilbert akanong'ona. "Sogeza mkono wote, vyuma viwili mbele hapo shingoni."

Lakini do ameipaka rangi. Itahamaje? Akiimba kwa mdomo alijua: do huwa pale mwalimu anapoanzia. Kwa vidole hakuwahi kufikiria. Akasogeza. Vidole vikapotea katikati ya madoa, hajui kipi kiko wapi. Akapiga sauti moja, akangoja. Nyingine. Woga ukamnyamazisha, gitaa la besi la Aaron likaenda peke yake. Akapiga tatu, akatua kwenye ile iliyompunguzia woga, akaacha.

Kwaya ikaingia ubeti wa pili bila kujikwaa.

Wimbo ulipoisha, Mama Josepha alikunja karatasi zake. "Jumapili saa moja asubuhi. Usichelewe."

Fortunata akamgeukia Wilbert. "Kaka, nimepiga nini?"

"Mimi nitajuaje? Si umeongea wewe."

Akabaki ameikamata shingo ya gitaa palepale, anaogopa kuachia asije akapasahau.