Kadi ya Ubaoni

Ofisini kwetu tunatunga kamusi, na sheria ni moja: mfano wa sentensi haubuniwi. Uwe umeuona au umeusikia mwenyewe, uuandike kwenye kadi pamoja na mahali na shahidi, kisha kadi ibandikwe ubaoni wiki nzima, wenzako waipinge wakiweza. Anayebuni anafukuzwa kazi. Ndiyo maana mhariri mkuu tunamwita Bwana Ushahidi, ingawa mbele yake ni shikamoo tu.

Mwezi huo nilipewa neno la Kiingereza la vitu visivyotulia. Wenyewe wanalo moja dogo, wanalitumia kwa meza, kwa magoti, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, hata kwa hoja isiyo na mshiko. Sisi tuna kuyumba, kutetereka, kupepesuka, kutetemeka, na kila moja lilidai kadi yake. Kadi ya kuyumba niliipata bila jasho: meza yangu mwenyewe. Ijumaa jioni ilikuwa imebaki kadi ya kutetemeka tu. Nikaandika: "Mikono ya baba inatetemeka, siku hizi chai humwagika kabla haijafika mdomoni." Mahali: nyumbani. Shahidi: mimi. Nikabandika, nikaenda zangu.

Akili yangu ilikuwa wapi, Mungu anajua. Baba ndiye fundi seremala wa ofisi. Kwa miezi alikuwa akiificha mikono yake, penseli anaibana kwa meno, rula ananishikisha mimi. Jumatatu alikuwa aanze rafu mpya za maktaba, kwa msumeno wa umeme. Kazi hiyo aliisubiri mwaka mzima.

Jumatatu baba alikuwa chini ya meza yangu, anaweka kabari kwenye mguu mfupi, Bwana Ushahidi aliposimama ubaoni. Alisoma mara mbili.

"Baba yako ni huyu huyu fundi?" aliniuliza kwa upole. Si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya! "Msumeno ule hauna huruma, binti. Siwezi kumpa."

Mchuma janga hula na wa kwao. Nikasema neno pekee lililonibakia: "Kadi hiyo nimeibuni, mzee."

Akavua miwani. "Umebuni? Basi adhabu yake unaijua."

Baba akatoka chini ya meza, akapangusa magoti.

"Ameandika kweli, mkuu. Huyu hajui kudanganya. Tangu utotoni akidanganya anashikwa na kwikwi."

Akanyoosha mikono mbele yetu sote, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Kiganjani alikuwa na misumari miwili, nayo ikaanza kugongana. Tuliisikia ofisi nzima.  Kwikwi nayo ikanijia, mbele ya watu wazima, na hakuna aliyecheka.

Rafu alizijenga fundi mwingine. Kabla hajaondoka, fundi huyo alinitengenezea na meza yangu. Kila asubuhi naisukuma kwa kiganja, haisogei hata chembe, na ninaichukia. Kadi yangu haikupingwa na mtu. Imeingia kamusini neno kwa neno.

Jioni nammiminia baba chai nusu kikombe, kama nilivyozoea tangu tulipokuwa tunaficha.

"Jaza, mwanangu," ananiambia. "Wameshaona wote."

Najaza. Kisha natazama pembeni.