Shimo la Nguzo ya Pili

Monicah Amondi alikuwa amebakiza sahihi tu. Hesabu za daraja jipya la bondeni, chini ya Mogogosiek, zilikuwa zimetoka safi. Kwenye kompyuta alikuwa ameweka springi chini ya kila nguzo zishike nafasi ya udongo, ngumu au laini kulingana na kilichochimbuliwa pale, kisha akalitikisa daraja kwa tetemeko la kubuni. Likasimama. Lakini kwake injinia asiyekanyaga tope alikuwa karani tu, basi akashuka kupaona.

Mama Chepkemboi, mjane mwenye shamba la ukingoni, alimpokea kwa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa.

"Hii ni asante," alisema. "Fundi wako alihurumia chai yangu. Mashine alipeleka kule juu, hakung'oa hata shina moja."

Monicah alikishusha kibuyu. Ripoti ilisema shimo la kupima udongo lilichimbwa pale pale pa nguzo ya pili. Alimgeukia Ouko, mchimbaji wake wa miaka mingi, aliyeshuka naye.

"Ni hatua thelathini tu, injinia," Ouko alisema, akitazama viatu vyake. "Hiyo chai marehemu mzee wake ndiye alipanda. Nilishindwa."

Monicah alikasirika, na hasira ilimuuma zaidi kwa sababu huenda naye angeshindwa vivyo hivyo. Alimweleza mama bila kumficha: udongo wa kule juu ni mgumu, wa hapa haujulikani. Daraja laweza kukaa miaka bila neno, kisha siku moja ardhi itikisike watoto wa shule wakiwa juu yake.

Chepkemboi alikichukua kibuyu chake. Akaenda nyumbani, akarudi na jembe.

"Kipkirui alipanda hii mwaka alinioa," alisema. "Wacha nianze mimi."

Yalikuwa mashina tisa, na mizizi yake iliwashikilia yeye na Ouko hadi alasiri. Mashine ilipowekwa, mita mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Baada ya hapo chuma kilizama chenyewe, bila kupigwa nyundo, hadi mita ya saba. Hesabu zote za Monicah zikawa bure.

Chepkemboi aliliminya tope jeusi kiganjani.

"Miaka arobaini nachuma hapa," alisema, "kumbe nasimama juu ya uji."

Mashina manane aliyabeba jikoni yawe kuni. La tisa alilipanda kule juu, kwenye shimo la kwanza la Ouko, ingawa alijua vizuri kwamba shina la umri ule halishiki tena.