Kigawa Mzigo cha Kampuni ya Joto

Jumatatu asubuhi Zdravka Mineva alimaliza kufunga mtambo mpya katika chumba cha chini cha kampuni inayopasha joto nyumba za Gabrovo, mji wa Bulgaria. Seva za chuma kitupu, kompyuta kubwa za kampuni yenyewe, zilisimama kando ya pipa la kabichi ya chumvi la mhasibu. Miji mingine hukodi nguvu za kompyuta kwa watu wa mbali. Watu wa Gabrovo, wanaosifika kwa ubahili, hawakodi kitu kinachoweza kukaa kando ya kabichi. Kila programu ilikuwa imefungwa ndani ya kontena lake, kama achari mtungini, na juu yake kulikuwa na kigawa mzigo. Kazi yake ni moja: huuliza kila seva, "Uko tayari?" na inayokubali hupewa fungu lake. Bila hicho, baridi ya kwanza ikibisha hodi, mji mzima huleta malalamiko kwa wakati mmoja, na seva huanguka kifudifudi.

Zdravka alikuwa na kibiongo. Hakuzaliwa nacho. Alikipata kazini, kidogo kidogo, kila mwenzake alipoachishwa na shughuli zake zikahamia mezani kwake. Jumapili mwanawe angeoa, na kwao mama wa bwana harusi ndiye huongoza horo, ngoma ya mduara. Alitaka kuiongoza akiwa amenyooka. Hilo tu.

Jumanne kigawa mzigo kilimalizana na seva, kikapanda ghorofa ya pili. Wafanyakazi walilisikia swali mlangoni, "Uko tayari?" nao wakatikisa kichwa huku na huku, maana kwa Wabulgaria huko ndiko kukubali, anayekataa huinua kidevu. Kabla ya saa ya kahawa, jino la Yonka wa hesabu lilikuwa likimuuma kila mtu, kidogo.

"Hili jino la nani?" akauliza Zdravka.

"Langu, shoga. Na hii nundu mgongoni mwangu bila shaka ni yako."

"Inakusumbua?"

"Ni kama nimebeba mkate. Kumbe wewe ulibeba tanuri zima na hukusema!"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kugawiwa. Zdravka alisimama wima. Aliona juu ya kabati kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akakuta chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, ambayo ofisi nzima iliapa kwamba imeibwa.

Mkurugenzi Balevski peke yake ndiye aliyeinua kidevu. Asiyekubali hapewi, na hata kile alicho nacho huhamishiwa kwa wengine. Jumatano viatu vyake viliachana na zulia. Alhamisi alikuwa akielea na kutia saini darini, na Yonka akamfunga kwa waya wa mtandao kwenye bomba la joto.

"Nani tena kampandisha cheo?" Yonka akanong'ona.

Mchana Zdravka alimwendea na birika. "Bwana mkurugenzi, uko tayari kwa kahawa nyingine?"

Balevski akatikisa kichwa huku na huku. Kigawa mzigo, ambacho hakijui kahawa, kikampa fungu lake. Akaanguka juu ya meza, amepinda, kashika shavu.

"Kitu gani hiki?"

"Kazi, bwana mkurugenzi."

Alikaa nayo mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaagiza aletewe mwongozo wa mtambo, akaipata sentensi aliyoitaka: mashine inayosimamia nyingine haipewi mzigo. "Mimi ni msimamizi," akasema. Zdravka akausoma mstari huo mwenyewe. Ndivyo mwongozo unavyosema. Akamsajili hivyo. Balevski akarudi darini, na kutoka huko akatangaza kwamba, kwa vile mzigo umekuwa mwepesi namna hii, watu wamezidi.

Ijumaa waliondoka wote isipokuwa Zdravka. Waliruhusiwa kuchukua picha zao na vyungu vya maua. Mizigo ni mali ya kampuni.

"Nakuachia jino," alisema Yonka. "Usilinyweshe maji baridi, lina kiburi."

Kigawa mzigo kikauliza, "Uko tayari?" Zdravka akatazama nyuma, hakuona mtu. Angeinua kidevu, nyumba za mji mzima zingepoa. Akatikisa kichwa huku na huku. Kibiongo kikarudi, na nyuma yake likaja jino la Yonka, goti la fundi na mama mkwe wa mpokea simu.

Jumapili Balevski alikuja harusini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa, na msimamizi hakatazwi. Alihitajika mtu wa kumshikia kamba asije akapeperukia milimani. Zdravka alikuwa na mkono mmoja huru. Aliongoza horo amejipinda kama ndoana, kamba mkononi, na walioshikana nyuma yake, wakidhani hiyo ndiyo hatua ya ukoo wao, wakainama wote. Ilionekana ngoma nzuri.

Juu ya vichwa vyao Balevski aliinua glasi.

"Zdravka, nyoosha mgongo," akasema. "Unaharibu picha."

"Nanyoosha, bwana mkurugenzi," akajibu, akaizungusha kamba mara nyingine kiganjani, na mduara ukaendelea kuelekea kulia.